Simu moja ya zamani, mifumo mitatu: LineageOS, Ubuntu Touch au postmarketOS?

OnePlus 6 ilitoka mwaka 2018 ikiwa na Android 8.1. Ikapandishwa hadi Android 11, kisha mtengenezaji akanawa mikono. Ukiishika leo, prosesa yake ya Snapdragon 845 na RAM ya GB 6 au 8 bado zinazipita simu nyingi mpya za bei ya chini zinazopangwa madukani. Kilichozeeka ni mfumo, simu yenyewe bado nzima. Simu za namna hii zimelala kwenye droo nyingi: kioo hakina ufa, betri inavumilia, ila programu ya benki inagoma na kivinjari kinalalamika kila kurasa mbili.

Dawa ni kuibadilishia mfumo, na hapo ndipo watu hukwama, kwa kuwa mifumo ni mingi na kila mmoja una mashabiki wake. Nimeifanya OnePlus 6 kuwa kipimo cha makala hii kwa sababu imo kwenye orodha za mifumo yote mitatu inayoulizwa sana: LineageOS, Ubuntu Touch na postmarketOS. Yote mitatu imesimama juu ya kerneli ya Linux, yaani kiini kinachoongoza vifaa vya simu, kama ilivyo Android ya kawaida. Kama simu yako ni nyingine, mantiki ni ileile, majibu tu ndiyo yatakayobadilika.

Kwanza, je, simu inafunguka?

Kuna kiprogramu kinachoamka kabla ya vyote unapowasha simu, kinaitwa butiloda, nacho ndicho kinachoamua mfumo gani uruhusiwe kuwaka. Mtengenezaji akiifunga na kukunyima ruhusa ya kuifungua, hakuna kati ya mifumo hii utakaoingia, hata ukimpelekea fundi gani. Huawei waliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Xiaomi wanafungua, lakini kwa akaunti yao na kwa kusubiri. Samsung za Snapdragon zilizouzwa Marekani kwa kawaida hazifunguki, na Pixel zilizouzwa na Verizon vilevile. OnePlus 6 inafunguka kwa amri moja, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kwa anayenunua mtumba, jaribio lifanyike dukani, pesa zikiwa bado mfukoni. Ingia kwenye mipangilio, sehemu inayohusu simu yenyewe, gusa namba ya toleo mara saba hadi ikwambie kwamba sasa wewe ni msanidi. Unganisha Wi-Fi au washa data. Rudi nyuma, fungua chaguo za wasanidi, tafuta swichi yenye herufi OEM. Ikikubali kuwashwa, endeleeni kupatana bei. Ikiwa imefifia rangi ya kijivu na haiguswi hata baada ya kuunganisha intaneti, mrudishie muuzaji simu yake, hata kama kioo kinang'aa namna gani. Na simu ya mkopo, zile zinazojifunga usipolipa, usiiguse mpaka deni liishe.

Jambo la pili ni jina la ndani. Wasanidi hawasemi OnePlus 6, wanasema enchilada. Poco F1 ni beryllium, Pixel 3a ni sargo. Tafuta faili kwa jina hilo, maana herufi moja ya ziada kwenye jina la dukani inaweza kuwa simu nyingine kabisa. Wakati mwingine hata jina la ndani halitoshi: Poco F1 ilitengenezwa kwa vioo vya viwanda viwili, Tianma na EBBG, na postmarketOS ina faili tofauti kwa kila kioo.

Wenye Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo simu za wengi wetu, niwaambie mapema: nyingi zinatumia chipu za MediaTek na Unisoc, na kwenye orodha za mifumo hii mitatu mtaziona kwa nadra sana. Kwenu kuna njia nyingine, nitaigusa karibu na mwisho.

Vigezo

Kigezo kikubwa kuliko vyote ni mahali draiva zinapotoka. Ndani ya simu kuna modemu, kamera, kipaza sauti, kihisi cha alama ya kidole, na kila kimoja kinahitaji draiva yake, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kukitumia. Mtengenezaji aliziandika kwa ajili ya Android ya mwaka ule na kerneli ya mwaka ule. Kwa OnePlus 6 ni kerneli 4.9, ambayo watunzaji wa Linux waliacha kuitolea marekebisho Januari 2023. Kila mfumo umelijibu swali hili kwa namna yake, na jibu hilo ndilo linaloamua kama kamera itapiga picha, betri itafika jioni, na mfumo utaishi miaka mingapi. Ukishalielewa, mabishano mengi ya "upi bora" yanakosa mafuta.

Vigezo vingine vinafuata hapo: kupiga simu na huduma za pesa, kamera na betri, programu, masasisho na usalama, kuweka mfumo na kurudi ulikotoka, na mwisho mtu wa kufaidika nao. Nitaupitisha kila mfumo kwenye vigezo hivi.

LineageOS

*Draiva.* LineageOS ni Android iliyovuliwa vya mtengenezaji na vya Google. Ilizaliwa mwishoni mwa 2016 kutoka kwa CyanogenMod iliyokuwa inakufa. Inatumia draiva zilezile za mtengenezaji, zikiwa zimefungwa bila msimbo wa kusomeka, pamoja na kerneli yake ya zamani iliyowekwa viraka na watu wa kujitolea. Kwa hiyo karibu kila kitu kilichofanya kazi siku simu inatoka boksini kinaendelea kufanya kazi.

*Simu na pesa.* Hapa haina mpinzani. Laini mbili, SMS, kodi za USSD (zile za nyota na reli) na menyu ya laini vinafanya kazi kama ulivyozoea. Kile kidirisha cha kuweka namba ya siri kinachojitokeza unapolipia kitu mtandaoni huletwa na mfumo wa menyu ya laini, na Android inao. Tatizo liko kwenye programu za benki. Nyingi hukagua kama simu imefunguliwa butiloda, na zikigundua zinakataa kuwaka. Wapo wanaozizunguka, lakini njia inayofanya kazi leo inaweza kufa kesho asubuhi, na mimi nisingeweka mshahara wangu nyuma yake. Menyu za *334# au *150*00# hazijali mfumo gani uko kwenye simu.

*Kamera na betri.* Kamera inafanya kazi, ila programu ya kamera ya kiwandani, yenye ujanja wake wa kuchakata picha, hutakuwa nayo, na picha za usiku zinaweza kushuka kidogo. Betri ni kama zamani au nafuu zaidi, kwa kuwa makorokoro mengi yameondoka.

*Programu.* Zote za Android. Huduma za Google haziji na mfumo. Unazitaka, unaweka kifurushi chake mara tu baada ya kuweka LineageOS, kabla hujawasha simu kwa mara ya kwanza. Ukishawasha bila hicho kifurushi halafu ukabadili mawazo, utafuta na kuanza upya. Usipozitaka, kuna F-Droid, duka la programu huria. WhatsApp inawaka bila Google. Kiswahili kimo kwenye menyu, na hilo lina uzito ikiwa simu ni ya mzazi.

*Masasisho na usalama.* Fungua mipangilio uangalie tarehe za viraka: utaona mbili. Moja ni ya Android, nayo husogea mbele. Nyingine ni ya vipande vya mtengenezaji, nayo imesimama pale alipoachia. Kwa hiyo aliyekuambia kwamba LineageOS inaifanya simu kuwa mpya kiusalama amekuambia nusu tu. Mfumo huu pia hauna ahadi ya umri. Android 12 ilipoanza kudai kipengele cha eBPF kwenye kerneli, simu nyingi zenye kerneli kongwe zilibaki nyuma LineageOS 19 ilipotoka mwaka 2022. Si kwamba watunzaji walichoka, kerneli ya mtengenezaji ndiyo iliyogoma.

*Kuweka na kurudi.* Kompyuta, waya mzuri wa USB, na saa moja au mbili za utulivu. Maelekezo ya kila simu yameandikwa hatua kwa hatua. Kurudi kwenye mfumo wa kiwandani kunawezekana ukipata faili zake.

*Inamfaa* mtu anayehitaji simu ya kila siku, na ambaye Linux kwake ni njia ya kufika tu. Haimfai anayetaka kuikimbia Android, kwa sababu bado atakuwa ndani yake.

Ubuntu Touch

*Draiva.* Canonical, wenye Ubuntu, waliutangaza mradi huu Januari 2013, wakauza simu ya kwanza barani Ulaya mwaka 2015 kwa kushirikiana na BQ ya Hispania, kisha Aprili 2017 wakauacha. Jumuiya ya UBports ikaudaka kabla haujaanguka chini na kuubeba hadi leo. Ubuntu Touch ni mpangaji kwenye nyumba ya Android: chini kuna kerneli ya mtengenezaji, na ndani ya konteina, chumba kilichotengwa ndani ya mfumo, kimebaki kipande kidogo cha Android kinachoongea na kamera, modemu na vihisi, ilhali juu yake panaishi mfumo wa Linux kamili. Daraja linalowaunganisha linaitwa Halium. Faida ni kwamba vifaa vingi vya simu hufanya kazi. Gharama yake ni kerneli ileile kongwe tuliyoizungumza.

*Simu na pesa.* Kupiga, kupokea na SMS ni vitu vya kawaida, na kipiga simu hukubali kodi za USSD. Menyu ya laini na vidirisha vyake usivitegemee kabla hujavijaribu. VoLTE, yaani sauti kupitia 4G, ipo kwenye simu chache tu. Kwa anayepigia Nairobi au Mwanza hilo si msiba, kwa kuwa simu inashuka kwenye mtandao wa zamani na maongezi yanaendelea. Kwa msomaji aliye Marekani ni msiba: mitandao mikubwa ya kule ilizima 3G mwaka 2022, na simu isiyo na VoLTE inaweza kubaki ya intaneti tu.

*Kamera na betri.* Kwa kawaida vyote viwili viko sawa, ingawa inategemea simu. Tovuti ya vifaa ya UBports ina ukurasa wa kila simu wenye orodha ya vinavyofanya kazi na vilivyogoma. Isome hadi chini. Betri husaidiwa na tabia moja ya mfumo huu: programu ikitoka mbele ya macho yako, hugandishwa. Muziki unaendelea na ujumbe wa Telegram unafika kwa njia yake, lakini ukidhani utaacha kitu kinapakua huku unasoma kingine, utakikuta pale ulipokiacha.

*Programu.* Duka lake ni OpenStore. Ramani ipo, barua pepe ipo, Telegram ipo. WhatsApp haipo. Unaweza kuifungua kupitia kivinjari kama kifaa cha pili, lakini simu kuu yenye WhatsApp lazima iguse intaneti angalau mara moja kila siku 14, vinginevyo inakutoa. Njia nyingine ni Waydroid, inayoendesha Android nzima ndani ya konteina kwa kutumia msingi wa LineageOS. Inafanya kazi, ila inakula RAM, na arifa zake haziungani vizuri na za mfumo. Programu za kompyuta kama LibreOffice huwekwa kwenye konteina yake, maana mzizi wa mfumo umefungwa usiandikwe. Wanaotoka kwenye Ubuntu ya kompyuta hulalamikia hilo. Mimi naliona ni jambo jema, kwa kuwa ndilo linalofanya sasisho lisivunje simu. Menyu, tarajia Kiingereza.

Kinachowavuta watu ni mguso wake. Telezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto, safu ya programu inatokea. Kutoka kulia, programu zilizo wazi zinajipanga. Hakuna vitufe chini ya skrini, na baada ya siku mbili tatu ukirudi kwenye Android kidole kinatafuta kingo zisizojibu.

*Masasisho na usalama.* Husasishwa kama simu ya kawaida: arifa inakuja, unagusa, inajizima na kujiwasha. Kwa miaka mingi msingi ulikuwa Ubuntu 16.04, ukaja 20.04 mwaka 2023, na 24.04 mwaka 2025. Sehemu ya juu inapata viraka, kerneli ya chini inabaki ilipo. Jingine la kujua ni kwamba kwa miaka mingi hifadhi haikuwa imesimbwa, na butiloda ya simu imefunguliwa, kwa hiyo mwizi mwenye kompyuta asingesumbuka sana. Kama simu inabeba siri za ofisi, zingatia.

*Kuweka na kurudi.* Rahisi kuliko wenzake. UBports wana programu ya kusakinishia ya Windows, Mac na Linux: unachomeka waya, inaitambua simu, inapakua, inakuongoza. Mtego pekee ni kwamba kwa simu nyingi lazima kwanza simu iwe na toleo fulani la Android ya kiwandani. Watu huliruka sharti hilo, kisha wanalaumu mfumo.

*Inamfaa* anayetaka kutoka kwenye Android bila kupoteza kamera na kupiga simu, na ambaye maisha yake hayaning'inii kwenye WhatsApp. Kwa simu ya pili ni starehe.

postmarketOS

*Draiva.* Huu ulitangazwa mwaka 2017 ukiwa na nia iliyoonekana ya kichaa: simu iishi miaka kumi. Umejengwa juu ya Alpine Linux, mfumo mwepesi unaopendwa kwenye seva. Badala ya kuazima draiva za mtengenezaji, wasanidi wake hujitahidi kuifanya simu iwake kwa kerneli ya kawaida ya Linux, ileile inayotunzwa kila siku kwa ajili ya kompyuta na seva za dunia nzima. OnePlus 6 inawaka kwa kerneli za kizazi cha 6, huku Android yake ikiwa imesimama kwenye 4.9. Firimwea za modemu na Wi-Fi, yaani programu zinazoendeshwa ndani ya vipuri vyenyewe, bado ni za kampuni, hilo halikwepeki. Mengine yote ni msimbo unaosomeka, na kinachosomeka kinaweza kutengenezwa hata mtengenezaji akishafunga duka.

Bei ya njia hii ni kwamba kila kipuri lazima mtu akiandikie draiva upya, kwa mikono, mara nyingi bila karatasi za kampuni.

*Simu na pesa.* Kwenye OnePlus 6 data, SMS na kupiga simu vinafanya kazi. Kwenye simu nyingine nyingi za orodha ndefu ya majaribio, hata modemu haijaguswa. USSD inashughulikiwa na ModemManager, programu inayoendesha modemu, na ukikosa kwenye kipiga simu unaweza kuiomba kwa terminali, dirisha la kuandikia amri:

mmcli -m any --3gpp-ussd-initiate="*144#"

Jaribu kwanza kwa kuangalia salio, kama hapo juu kwa Safaricom, kabla ya kugusa pesa. Vidirisha vya menyu ya laini usivitarajie. Ushauri wangu ni kwamba laini ya pesa ikae kwenye simu nyingine, hata kitochi, na hapa uweke laini ya data.

*Kamera na betri.* Kamera ni donda ndugu la mfumo huu. Kwenye simu nyingi haifanyi kazi kabisa, na pale inapofanya, picha ni za kukubali tu. Kihisi cha kidole nacho sahau. Betri inaliwa haraka kuliko kwenye Android, kwa sababu usingizi wa chipu za simu ni kazi ngumu kuandikia draiva. Beba chaja.

*Programu.* Ni za Linux ya kompyuta: Firefox, kicheza video, kihariri maandishi, Python, git, chochote kilicho kwenye hazina ya Alpine. Unachagua na sura. Phosh na Plasma Mobile zinafanana na simu ya kawaida. Sxmo inaendeshwa kwa vitufe vya sauti na menyu za maandishi, na inafaa simu zenye RAM ndogo. Tofauti hii ina maana kubwa kwenye simu za mwaka 2015 zenye chipu ya MSM8916, mfano Samsung Galaxy A5 ya mwaka ule au Redmi 2: kwa Phosh zinajikokota, kwa Sxmo zinatembea. Simu hizo huwekewa kwanza butiloda ya pili iitwayo lk2nd. Waydroid nayo inapatikana kwa wenye RAM ya kutosha.

*Masasisho na usalama.* Matoleo mawili kwa mwaka, Juni na Desemba, yakiitwa kwa mwaka na mwezi: v24.12, v25.06. Kerneli inasasishwa pamoja na vingine, jambo ambalo wale wawili wa juu hawawezi kulifanya. Kusimba hifadhi yote kunawezekana wakati wa kuweka. Lakini ni mfumo wa watu wanaojua kusoma ujumbe wa kosa. Sasisho likigoma, hakuna kitufe cha kurudi.

*Kuweka na kurudi.* Kuna faili zilizokwisha kujengwa, na kuna pmbootstrap, programu ya kujijengea faili mwenyewe, kwa wenye Linux kwenye kompyuta na kiu ya kuchagua kila kitu. Faili zilizojengwa huja na mtumiaji anayeitwa user na namba ya siri 147147. Ibadilishe siku hiyohiyo. Kwenye OnePlus 6 kuna hatua ndogo inayorukwa na wengi: lazima ufute sehemu iitwayo dtbo, kwa kuwa butiloda huchukua maelezo ya vifaa yaliyomo humo, yaliyoandikwa kwa kerneli ya zamani, na kuyabandika juu ya kerneli mpya, na simu haiwaki. Ukitaka kurudi Android, sehemu hiyo utairudisha pamoja na mengine.

Mahali postmarketOS inapowazidi wenzake ni pale simu inapoacha kuwa simu. Chomeka waya kwenye kompyuta, subiri kidogo, andika ssh user@172.16.42.1 (ssh ni njia ya kuingia kwenye mashine nyingine kwa amri, nayo iwe imewashwa kwenye simu), weka namba ya siri, na mbele yako kuna seva yenye skrini yake, Wi-Fi yake, na betri inayoivusha umeme ukikatika. Anwani hiyo ni ileile kwa kila simu yenye mfumo huu. Nyumba yenye mgao wa umeme inajua thamani ya seva isiyozima. Weka Kiwix na faili ya Wikipedia, darasa zima linasoma kwa Wi-Fi bila bando hata MB moja. Weka Syncthing, picha za familia zinajinakili zenyewe.

Tahadhari ni betri. Simu iliyochomekwa mchana na usiku kwa miezi huweza kuvimba betri. Ilaze juu ya meza iliyonyooka: ikizunguka kama pia, au ukiona mfuniko wa nyuma umeanza kuachana na fremu, izime, itoe kwenye chaji, na betri itolewe na fundi. Usiitoboe, usiikandamize irudi. Tumia plagi yenye saa ili ichaji kwa vipindi.

*Inamfaa* mwanafunzi wa kompyuta, mtu wa seva, na yeyote ambaye simu yake inabadilishiwa kazi. Kama simu pekee ya mfukoni, ni ya wachache wenye subira.

Walio pembeni

Droidian ni Debian, aina nyingine ya Linux, juu ya Halium, kwa wanaopenda njia ya Ubuntu Touch lakini wanataka apt, amri ya kuwekea programu, isiyofungwa. Mobian ni Debian kwa kerneli ya kawaida, kwa simu chache zaidi. Sailfish ya Jolla kutoka Finland ni nzuri na ina kiendesha programu za Android, ila toleo hilo lilikuwa la kulipia na leseni zake ziliuzwa hasa kwa nchi za Ulaya.

Na ile njia ya wenye simu zisizofunguka ni Termux. Ni programu ya kawaida ya Android, ipakue kutoka F-Droid. Huondoi mfumo, hufungui butiloda, hupotezi data, na bado unapata terminali, Python, git, ssh, hata Debian ndani yake kwa proot-distro. Kwa anayetaka kujifunza Linux kwa Infinix aliyonayo, hapo ndipo pa kuanzia, wala asijione amepewa makombo.

Uchague kwa hali yako

Chochote utakachochagua kati ya mifumo mitatu, kufungua butiloda kunafuta kila kitu kwenye simu. Hamisha picha na majina kwanza, na WhatsApp uitolee nakala. Andaa GB 2 hivi za bando, na usianze kazi hii betri ikiwa chini ya nusu.

Simu ni ya mama au baba, anataka WhatsApp, picha na kutuma pesa: LineageOS pamoja na huduma za Google, menyu kwa Kiswahili. Kama anategemea programu ya benki, bora uache mfumo wa kiwandani.

Una simu kuu tayari, unataka ya pili isiyokufuatilia kila hatua: Ubuntu Touch, mradi ukurasa wa simu yako kwenye tovuti yao unaonyesha modemu na kamera ziko sawa.

Kamera ya nyuma imeharibika au spika ya maongezi imekufa: ulichopoteza ndicho postmarketOS ingekunyima kwenye simu nyingi hata hivyo. Igeuze seva.

Skrini imepasuka lakini mguso unajibu: vilevile seva, ila weka mfumo kabla mguso haujaisha.

RAM ni GB 1 au 2: postmarketOS na Sxmo, au bila sura kabisa. LineageOS kama simu bado ina toleo lake. Ubuntu Touch itakuchosha.

Unaishi Marekani: anza na VoLTE kabla ya kigezo kingine. LineageOS ndiyo yenye uwezekano mkubwa, na hata hapo uliza kwanza kama mtandao wako unaikubali simu hiyo kwa namba yake ya modeli.

Hujui utakuja kupenda nini: kwenye OnePlus 6 anza na LineageOS, kaa nayo, kisha jaribu Ubuntu Touch mwisho wa wiki ambao husubiri simu ya mtu. Faili za kiwandani zihifadhi kwenye kompyuta kabla ya yote, maana kurasa za kuzipakua hufungwa bila taarifa.